Mali Bila Daftari: Nani Anazihesabu Kazi za Kwale?

Sensa ya mwaka 2019 ilipopita, karani alifika nyumbani kwetu akiwa na kishikwambi mkononi. Mimi ndiye niliyejibu kwa niaba ya watu wote wa nyumba. Alipofika kwa jina la shangazi yangu, aliuliza alikuwa akifanya nini hasa kwa siku saba zilizotangulia usiku wa sensa, ule wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Nikajibu bila hata kufikiri: "Huyo ni mama wa nyumbani tu. Hana kazi." Karani akabonyeza, akaendelea na swali jengine.

Shangazi alikuwa uani, kakaa juu ya mkeka, anashona makuti. Alinisikia. Mgeni alipoondoka, aliniuliza bila kuinua kichwa: "Mwanangu, nani kakwambia mimi sina kazi? Hiyo ada uliyosomeshewa, ulidhani ilianguka mnazini?"

Sikuwa na jawabu. Makuti yake yameezeka mabanda ya hoteli za Diani kwa miaka mingi. Mnunuzi huja na gari, huhesabu, hulipa, huondoka. Hiyo ni kazi kwa kipimo chochote kile. Lakini katika kitabu cha taifa, siku ile, mimi mwenyewe nilimfuta.

Nimekikumbuka kisa hicho mara nyingi tangu Desemba 2024, Base Titanium ilipositisha uchimbaji wa madini hapa Kwale baada ya zaidi ya miaka 10 ya kusafirisha mchanga wetu kupitia Likoni. Kila mkutano niliohudhuria tangu hapo, swali ni lile lile: ni watu wangapi waliopoteza riziki? Mwanasiasa ana idadi yake. Wanaharakati wana yao. Kampuni inaweza kukwambia ilikuwa na waajiriwa wangapi kwenye orodha yake ya mishahara. Lakini mama aliyekuwa akiwapikia vijana wa zamu, mwenye vyumba vya kupangisha Ukunda, mwenye bodaboda aliyekuwa akiwapeleka watu kazini alfajiri, hao wako kwenye orodha ya nani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Naongeza: na kazi pia. Ikipotea kazi ambayo haikuandikwa popote, hakuna wa kuidai.

Nairobi wanahesabu vipi?

Kila mwaka Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, hutoa ripoti ya hali ya uchumi. Ile iliyotolewa 2025 ilisema mwaka 2024 nchi ilizalisha ajira mpya zipatazo 782,300, na kwamba karibu 703,700 kati ya hizo zilikuwa katika sekta isiyo rasmi, yaani jua kali, vibanda, bodaboda na biashara ndogo ndogo. Ni kazi 9 katika kila 10. Jumla ya walioajiriwa nchini ikafika kama milioni 20.8.

Magazeti yalizichukua tarakimu hizo yakazipamba kwenye kurasa za mbele. Lakini ukisoma maandishi madogo, utakuta hesabu hiyo haiwajumuishi wakulima wadogo wala wafugaji. Sasa zungushia macho kaunti yetu. Toa Kinango na Samburu, ambako ng'ombe na mbuzi ndio benki ya mtu. Toa wenye mashamba ya mihogo, mahindi, minazi na mikorosho kuanzia Matuga mpaka Lunga Lunga. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 866,820. Ukishawaondoa hao wote, unabaki ukizungumza na nusu ya chumba.

Na hata hao waliobaki hawahesabiwi kwa njia moja. Walio katika ajira rasmi hujulikana kupitia waajiri wao. Walio nje ya hapo hukadiriwa. Makadirio si dhambi, kila nchi hukadiria. Taabu ni pale makadirio yanapotangazwa kwa sauti ile ile ya kitu kilichohesabiwa, na msomaji wa kawaida asijue tofauti.

Kulikuwa na njia bora zaidi, nayo ilianza. Mwaka 2019 KNBS ilianzisha uchunguzi wa nguvu kazi wa kila robo mwaka. Makarani waliingia majumbani, wakauliza watu wenyewe badala ya kuuliza waajiri. Faida yake ilionekana mara moja. Katika robo ya pili ya 2020, korona ilipofunga mipaka na hoteli, uchunguzi huo ulionyesha ukosefu wa ajira nchini umepanda kutoka asilimia 5.2 hadi asilimia 10.4 ndani ya miezi mitatu. Ripoti ya mwaka mzima isingeweza kuuona mshtuko ule ukitokea.

Mfululizo huo ulifika robo ya mwisho ya 2022, kisha ukakatika. Na hata ulipokuwa hai ulichora picha ya taifa zima, si ya kaunti moja moja. Diani iliingia humo kama tone la chumvi baharini.

Uchunguzi mmoja mkubwa uliofika kaunti zote 47 na kuuliza pia habari za ajira ni ule wa bajeti za kaya wa 2015/16. Ni wa muongo uliopita. Ulifanywa wakati utalii wa pwani ndio kwanza unajikokota baada ya tahadhari za usafiri zilizotolewa na nchi za Magharibi mwaka 2014. Anayepanga mambo ya Kwale ya leo kwa hesabu za wakati ule ni kama nahodha anayesafiri kwa pepo za mwaka juzi.

Saa moja kwa wiki

Hapa lazima nieleze jambo ambalo huwakasirisha vijana wengi. Ukisikia kwamba ukosefu wa ajira Kenya ni asilimia 5, unacheka. Unatoka nje, unaona barazani vijana 10 wamekaa tangu asubuhi. Unajiuliza asilimia 5 ya wapi hiyo?

Si lazima iwe uongo. Ni kanuni. Viwango vya kimataifa hutungwa na Mkutano wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, ambao hukaa chini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, mjini Geneva. Kwa kanuni yao, mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida hata kwa saa moja ndani ya wiki inayoulizwa, huyo ameajiriwa. Kijana wa bichi aliyeuza leso moja Jumanne na kushinda njaa siku sita zilizobaki, ameajiriwa. Kibarua wa hoteli aliyeitwa Jumamosi tu kwa ajili ya harusi, ameajiriwa. Na yule aliyechoka kutafuta, akaacha, hahesabiwi kuwa hana ajira, kwa sababu asiyetafuta yuko nje ya soko la kazi.

Lakini wanatakwimu hao hao waliliona tatizo. Katika mkutano wao wa 19, mwaka 2013, walipitisha azimio lililobadilisha mambo mengi, na mawili kati yake yanatuhusu sana.

La kwanza, walisema kipimo kimoja cha ukosefu wa ajira hakitoshi. Nchi inatakiwa iwaonyeshe pia wanaofanya kazi saa chache kuliko wanavyotaka, na wale wanaotaka kazi lakini wameacha kutafuta au hawako tayari kuianza mara moja. Ukivijumlisha vipimo hivyo, barazani pale panaonekana. Uchunguzi wetu wa robo mwaka ulikuwa umeanza kutoa vipimo vya namna hiyo kabla haujakatika.

La pili, walipanua maana ya neno kazi. Kuteka maji, kutafuta kuni, kulea watoto, kumuuguza mgonjwa, kulima na kuvua kwa ajili ya chungu cha nyumbani, vyote hivyo ni kazi na vihesabiwe. Ila viwekwe mahali pake, mbali na ajira, yaani kazi ya kupata malipo au faida. Hivyo mvuvi wa Msambweni anayeuza sehemu kubwa ya samaki wake ameajiriwa. Jirani yake anayevua hasa kwa ajili ya kitoweo yuko katika fungu jengine, lakini hafutwi.

Kenya ilipiga hatua moja nzuri upande huo. Mwaka 2021 ilifanya uchunguzi wake wa kwanza wa matumizi ya muda, na ukaonyesha kwamba wanawake hutumia takriban mara tano ya muda wanaotumia wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Shangazi hakuhitaji KNBS kumwambia hilo. Lakini sasa limeandikwa, na lililoandikwa linaweza kudaiwa.

Wiki gani, mwezi gani?

Swali la siku saba lina mtego mwengine kwetu sisi watu wa pwani, nao ni msimu.

Mwezi wa Mei mvua za masika zikipiga, hoteli nyengine Diani hufunga milango au hubakisha wafanyakazi wachache. Vibarua hurudi makwao Golini, Mwabungo au Vanga kungoja simu. Ifikapo Julai na Agosti Wazungu wako likizoni, simu zinaanza kulia. Desemba hata mtu asiyejua kubeba trei anapewa trei.

Baharini vivyo hivyo. Upepo wa kusi ukivuma, wenye mitumbwi na ngalawa hawathubutu kwenda mbali, wanabaki ndani ya miamba. Kaskazi ikiingia bahari inatulia, mavuno yanabadilika na bei inabadilika. Kina mama wa mwani kule Kibuyuni na Mkwiro wanafuata maji ya bamvua, si kalenda ya ofisi.

Mtu yule yule, ukimuuliza Mei ni maskini asiye na kazi, ukimuuliza Desemba ni mwajiriwa. Ipi ni kweli? Zote mbili. Ndiyo maana azimio la 2013 linashauri takwimu kuu zitolewe zaidi ya mara moja kwa mwaka, ili msimu uonekane. Nchi inayohesabu mara moja kwa mwaka inachagua, hata bila kukusudia, msimu gani wa maisha yetu uandikwe na upi upotee. Basi kila ukitajiwa tarakimu ya ajira, uliza kwanza: mlihesabu mwezi gani?

Hili si la kinadharia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya siku zisizopungua mwezi mmoja anastahili kuchukuliwa kama mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, pamoja na haki zake. Tuna vibarua wangapi Diani waliovuka mwezi huo na bado wanalipwa kwa siku? Hakuna takwimu ya kaunti inayolijibu swali hilo msimu kwa msimu. Ikiwa idadi haijulikani, mkaguzi wa kazi aanzie hoteli gani?

Mkataba uliozeeka ukafutwa

Sasa nani anaisimamia Kenya ihesabu vizuri? Hapa kuna jambo ambalo sikuona likizungumzwa hapa kwetu.

Kenya ilipojiunga na ILO Januari 1964, mwezi mmoja baada ya uhuru, iliendelea kufungwa na mikataba kadhaa ya kazi. Mmoja wao ulikuwa Mkataba Na. 63 wa mwaka 1938, kuhusu takwimu za mishahara na saa za kazi. Ulihusu migodi, viwanda, ujenzi na kilimo. Ulitungwa zama za makoloni, hoteli za ufukweni hazijajengwa, na maneno "sekta isiyo rasmi" hayajazaliwa.

Mwaka 1985 ILO ilipitisha mkataba mpya wa takwimu za kazi, Na. 160, ulio mpana zaidi. Unataka takwimu za nguvu kazi, ajira na ukosefu wa ajira zinazowakilisha nchi nzima. Unataka mishahara na saa za kazi, ajali kazini na migogoro ya kazi. Unataka njia zilizotumika kuhesabu zielezwe na kuchapishwa. Na unataka mashirika ya wafanyakazi na waajiri yashauriwe wakati vipimo vinapotungwa.

Nchi inayouridhia Na. 160 huachana na Na. 63. Kenya haikufanya hivyo, ilibaki na ule wa zamani. Kisha Juni 2024 Mkutano Mkuu wa ILO ukaufuta Na. 63 pamoja na mikataba mingine mitatu iliyopitwa na wakati. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni hii: ahadi ya kimataifa tuliyokuwa nayo juu ya takwimu za kazi, ingawa ilikuwa kuukuu, imeondoka, na wakati inaondoka hatukuwa tumeshika nyengine mkononi.

Kuna watakaosema, mkataba ni karatasi tu. Nami nakubali kwamba karatasi haimlishi mtu. Lakini tazama karatasi hiyo hufanya nini. Nchi iliyoridhia mkataba wa ILO hutakiwa kupeleka ripoti kila baada ya miaka kadhaa. Ripoti hiyo husomwa na Kamati ya Wataalamu iliyoanzishwa 1926, ambayo huuliza maswali kwa maandishi, na maswali yenyewe huchapishwa yakasomwa na yeyote. Nakala ya ripoti lazima pia wapewe wafanyakazi na waajiri, ambao kwetu ni COTU na FKE, nao wana haki ya kuongeza maoni yao. Kwa hiyo chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, kingeweza kupitia COTU kusema: serikali imeandika hivi, lakini sisi tuliopo Diani tunaona vile. Mlango huo, kwa upande wa takwimu za kazi, sasa umefungwa mpaka turidhie upya.

Tufanye nini?

Najua hoja ya gharama. Kumtuma karani nyumba kwa nyumba kila miezi mitatu ni pesa, na serikali ina madeni. Lakini tazama majirani zetu wa ng'ambo ya bahari. Zanzibar, ambayo sensa ya 2022 iliihesabu watu 1,889,773, ilitoa ripoti yake yenyewe ya nguvu kazi ya 2020/21, mbali na ile ya Tanzania nzima. Wana serikali yao na ofisi yao ya takwimu, hilo sisi hatuna. Lakini jambo lenyewe linawezekana katika kisiwa kinachoishi kwa utalii, uvuvi, mwani na minazi kama sisi.

Kwanza, KNBS iurudishe uchunguzi wa kila robo mwaka, na angalau mara moja kwa mwaka sampuli yake iwe kubwa ya kutosha kutoa jawabu la kila kaunti. Katiba yetu, kifungu cha 35, inaitaka dola ichapishe habari muhimu zinazoligusa taifa. Kazi za watu zikiwa si habari muhimu, sijui ipi ni muhimu.

Pili, Bunge na Wizara ya Kazi ziangalie kuridhia Mkataba Na. 160. Wabunge wetu wa Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango wanaweza kuuliza swali hilo bungeni hata wiki ijayo. Halihitaji bajeti, linahitaji mdomo.

Tatu, serikali ya Kaunti ya Kwale isingoje Nairobi. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vina orodha za wavuvi. Vyama vya bodaboda vina orodha. Vikundi vya mwani na vya wauza vinyago vina orodha. Hizo hazitoshi kuwa takwimu rasmi, lakini zinaonyesha wapi pa kuanzia kuhesabu. Mgodi ulipokuwa unakaribia mwisho wake, tarehe ilijulikana mapema. Tulikuwa na muda wa kuhesabu kabla na kuhesabu tena baada. Bandari ya uvuvi ya Shimoni nayo itakapofanya kazi kwa ukamilifu, tutaambiwa imeleta ajira kadha wa kadha. Tukihesabu wavuvi na wachuuzi wa samaki wa Shimoni, Wasini na Vanga sasa, tutaweza kuzipima ahadi hizo. Tusipohesabu, tutapiga makofi tu.

Nne ni letu wenyewe. Wengi wetu karani akibisha hodi tunadhani ametumwa na watu wa kodi, tunaficha. Sheria ya takwimu ya 2006 inalinda siri ya anayejibu. Tunaficha kibanda, tunaficha ng'ombe, tunaficha mashine ya kushonea, kisha tunalalamika kwamba serikali haituoni. Na sisi wanaume tunaojibia nyumba nzima tuna deni kubwa zaidi. Tunasema "hana kazi" juu ya mtu ambaye ndiye aliyetulisha.

Sensa yetu huja kila baada ya miaka 10, na inayofuata inatarajiwa 2029. Shangazi amezeeka, vidole vimeanza kumkaza, lakini bado anashona. Nilipomweleza habari za mkataba na Geneva alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kuti jengine, akasema: "Mimi sijui huko. Wakija tena, wewe kaa kimya. Nitajibu mwenyewe."